Picha ya Goti Uliyopigwa Ukiwa Umelala

Shikamoo Mama,

Nimeanza na shikamoo kwa sababu nakujua. Nisingekuamkia usingesikia neno jingine lolote. Ungegeukia ukutani mpaka nirudi mlangoni nianze upya, kama ulivyonifanya siku niliyorudi kutoka kwa mume wangu na virago vyangu kichwani. Nilikuwa nalia, na bado ukanitoa nje niingie tena nikuamkie kwanza. Basi nimekuamkia. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe na sina mahali pengine pa kuipeleka.

Mchungaji ndiye aliyenishauri nikuandikie. Alisema itanituliza. Hakuniuliza ninataka kuandika nini, na mimi sikumwambia. Niko hapa kibandani kwangu barabarani, Iguguno, chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa mbele yangu na upepo unataka kuniondokea na karatasi. Nimeikandamiza kwa dumu.

Tangu tukuzike hayajabadilika mengi. Alizeti imekuja vizuri, ila ile ya upande wa bondeni ndege wameimaliza, kwa sababu hakuna aliyekaa kuwapigia kelele na kopo kama wewe. Tetea wako mwekundu bado anataga chini ya kitanda chako na nimemwacha aendelee. Kaka Elia amelijenga kaburi lako kwa saruji, ameandika jina lako kwa rangi nyeusi, ameliweka zuri. Na mama mdogo Hadija, mdogo wako wa Ulemo, amefanyiwa operesheni ya goti. Hilo la mwisho ndilo lililonileta.

Goti lake ni goti lako, Mama. Ni la kushoto kama lako, na linauma upande wa ndani kama lako. Ninyi wawili mngekaa benchi moja mkanyoosha miguu, asingejua mtu ni ya nani. Yeye ametengenezwa. Wewe uko chini ya saruji ya Elia. Nataka nikueleze kwa nini, maana uliondoka hujui, na sisi tulikuzika hatujui.

Unakumbuka lilivyoanza. Ulikuwa ukitoka kupalilia unakaa kwenye kigoda na kubonyeza kwa kidole gumba mahali palepale, upande wa ndani, huku ukitazama kuku ili tusione unachokifanya. Kisha goti likaanza kutoka nje, mguu ukapinda. Majirani wakasema mafuta ya goti yameisha. Wakakuletea bamia, wakakuambia unywe maji yake asubuhi, na ulikunywa mpaka ukasema yanakutoka puani. Wakakupikia supu ya kongoro. Supu ile ilinenepesha paka.

Na bado ulikuwa unapiga goti. Baba mkubwa akija, unashika nguzo ya mlango, unashuka taratibu mpaka chini, unamwamkia, unabaki hapohapo hadi amalize habari za ng'ombe wake wote, halafu unanitupia jicho nije nikunyanyue. Yeye mwenyewe alishakwambia uache, umwamkie umekaa. Ukamjibu kwamba hujawahi kumwamkia shemeji yako umekaa na hutaanza uzeeni. Nilikuwa nakuona shujaa. Siku hizi nikikumbuka natamani ningekushika mabega nikakukalisha kwa nguvu.

Halafu ikatangazwa redioni kwamba madaktari bingwa wa mifupa wanakuja mjini kupima watu wa magoti, na kwamba watakaofaa watapelekwa Dodoma kufanyiwa operesheni. Mimi nilibaki na alizeti iliyokuwa imeanikwa uani. Ukaenda kulala kwa Elia kule Mwankoko, naye asubuhi akafunga karakana yake ya mageti, akavaa shati la kanisani, akakupeleka.

Hadithi ya siku ile naijua yote, maana mliisimulia wote wawili kila alipoingia mgeni. Daktari alikuandikia karatasi ya eksirei. Mkaenda chumba cha picha, kijana wa pale akasoma, akasema bibi asimame kwenye kibao, aweke uzito kwenye ule mguu. Kaka Elia akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe una mama?" akamuuliza. "Mama yako angekuwa na goti kama hili, ungemsimamisha?"

Watu kwenye benchi wakaguna. Kijana akaona aibu, akaomba radhi, akatandika shuka kitandani, wakakusaidia kupanda. Ukapigwa picha umelala, mguu umenyooshwa vizuri, kanga yako imekunjwa ikawa mto. Kabla hujashuka ukamwekea yule kijana mkono kichwani, ukambariki apate mke mwema. Ukisimulia, hapo ndipo ulipokuwa unacheka, na sisi wote tunacheka. Elia alikuwa anainamisha uso kwa haya, kama mtu anayesifiwa.

Daktari akaiangalia ile picha. Mlitueleza alivyosema, na wewe nilikuelewa vizuri kuliko nilivyomwelewa Elia. Operesheni aliyokuja nayo haikuwa ya kubadilisha goti zima. Wanaondoa upande mmoja tu ulioharibika, wanaweka kipande cha chuma na plastiki, na upande ulio mzima wanauacha pamoja na kamba zake za ndani zinazoshikilia mifupa. Kwa hiyo lazima achague watu. Anatafuta goti lililoisha kabisa upande mmoja, mfupa unagusa mfupa, na upande wa pili uwe bado mzima. Likiisha pande zote, hilo ni la operesheni nyingine. Likiwa ndiyo kwanza limeanza kuisha, ukilipasua mtu anabaki na maumivu yake yaleyale na chuma juu. Akainua picha yako kwenye mwanga, akaona nafasi nzuri kati ya mifupa, akasema goti lako halijafika huko. Akakupa mazoezi na vidonge vya maumivu vya muda mfupi, akaita mwingine.

Sina ugomvi na kanuni yake. Ni kanuni ya haki, na mtu anayechagua hovyo angekuumiza zaidi.

Ila Mama, alikuuliza unajisikiaje. Elia alitusimulia na hilo pia, kwa kukusifu. Alikuuliza maumivu yako yakoje, wewe ukamjibu, "Naendelea vizuri baba, ni kidogo tu." Na asubuhi ile ulikuwa umemeza vidonge ili uingie chumbani kwa daktari ukitembea kama mtu. Ulivaa gauni la Pasaka, ukajipaka mafuta miguu, ukaenda kumficha daktari ugonjwa uliompelekea. Nani alikufundisha hivyo? Nauliza tu, ingawa najua ni bibi, na bibi alifundishwa na nani sijui. Wote mnanichosha.

Ulirudi umefurahi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Uliingia uani ukasema, "Kumbe goti zima. Nimekuwa nikiwasumbua bure." Ukaomba msamaha, Mama. Ulituomba msamaha kwa kuumwa.

Kuanzia hapo sikukuona tena ukibonyeza kwa kidole gumba. Ulipojisahau ukaguna wakati wa kuinuka, Elia kama yupo alikuwa anakutania, "Mama, daktari amesema," nawe unacheka na kuomba radhi tena. Uliiamini picha kuliko mguu wako mwenyewe. Mguu ulikuwa unakuambia jambo kila hatua, na wewe ukawa unaunyamazisha kana kwamba ni mtoto mlalamishi.

Ulikuwa unaunyamazisha kwa diklofenaki. Vile vidonge vya daktari vilipoisha ukawa unanunua mwenyewe duka la dawa pale stendi, unavifunga kwenye ncha ya kanga. Ulivimeza alfajiri kabla ya uji, kwa sababu ulitaka uwe umeshasimama uji ukiiva. Ulianza kusema una kiungulia. Ukaacha pilipili, ukaacha maharage. Choo chako kilikuwa cheusi na hukumwambia mtu, alikuja kuniambia mama mdogo baada ya matanga kwamba ulimnong'oneza ukamwapisha. Mpaka siku ile ulipotapika damu kwenye beseni la pumba za kuku, na hata hapo ulitaka kwanza kulisafisha beseni.

Hospitali walisema ni vidonda tumboni, vimechimbwa na vidonge. Walikuongezea damu. Muuguzi alikuja pembeni ya kitanda, akakuinamia, akakuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Midomo yako ilikuwa imepauka. Ukamwambia, "Sijambo mwanangu, wahudumie wenye shida." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia, na sijawahi kuyachukia maneno kama hayo.

Msibani, baba mkubwa alisimama chini ya turubai akasimulia tena habari ya eksirei. Alisema mwenye kutaka kujua malezi ya marehemu amtazame Elia, aliyekataa mama yake asimamishwe mbele za watu. Watu wakatikisa vichwa. Mchungaji akairudia kwenye mahubiri. Mimi nililia kwa fahari, nikamshika Elia mkono. Tulikuzika na ile hadithi kama shada la maua.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Baada ya mavuno ikatangazwa tena kwamba madaktari wanakuja. Mama mdogo akapiga simu kutoka Ulemo, goti limemfikisha mahali anaswali ameketi kwenye kiti. Elia akasema atampeleka. Nikasema na mimi naenda, na mara hii hakuna alizeti itakayonibakisha. Mama mdogo akaniomba nibebe picha yako ili daktari aone kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Niliitoa chini ya godoro lako ikiwa kwenye bahasha yake, haijapinda hata kona.

Daktari alikuwa yuleyule. Elia alikuwa ametoka kununua maji na chapati. Daktari akamwambia mama mdogo aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Yeye akaanza kuzungusha kiganja juu ya goti zima, huku akisema ni kidogo tu baba, naendelea. Nikamkata katikati.

"Mama mdogo, mwambie ukweli. Hukuja kumsalimia."

Akashtuka, akanitazama vibaya, lakini akaweka kidole. Ni palepale, Mama. Palepale pa kidole chako gumba. Daktari akalikunja goti, akalinyoosha, akausukuma mguu kutoka pembeni kuona kama ule upinde unarudi, na ukarudi. Akauvuta mguu chini ya goti mbele na nyuma kupima kama kamba ya ndani bado inashika. Alionekana kuridhika. Akaandika karatasi ya eksirei. Hapo ndipo nilipompa bahasha yako.

Akaiweka kwenye mwanga. Akatazama, akakunja uso, akasogea karibu.

"Huyu alipigwa amesimama?"

Mama, mimi nikacheka. Nikamsimulia hadithi yote, namna Elia alivyomwuliza kijana kama ana mama, benchi lilivyoguna, kanga ilivyokuwa mto, na habari ya mke mwema nikaiweka mwishoni kama ulivyokuwa unaiweka wewe. Nilisimulia vizuri. Mama mdogo akacheka na kufuta macho.

Daktari hakucheka. Aliiondoa picha kwenye mwanga akaiweka mezani taratibu.

"Mgonjwa akilala, mifupa ya goti inaachana," akasema. "Akisimama, inakutana. Mimi nachagua kwa kuangalia inavyokutana."

Nilikaa. Nikamwuliza, kwa hiyo mama yangu alikuwa anafaa? Akasema hawezi kulisemea goti ambalo hawezi tena kuliona limesimama, lakini kwa picha ile hakupaswa kumrudisha mtu nyumbani. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakuuliza swali aliloniuliza mimi sasa hivi. Akasema aliandika kwenye karatasi kwamba picha ipigwe mgonjwa akisimama, watu walijaa mpaka nje, picha ikarudi, akaamini imepigwa alivyoandika. Kisha akasema, "Nilipaswa kuuliza." Alisema hivyo bila kuzunguka, namshukuru kwa hilo, lakini siku ile sikumshukuru. Nilimwambia maneno ambayo ungenitoa nje kwa ajili yake na nisiruhusiwe kuingia tena hata kwa shikamoo kumi. Mama mdogo alikuwa ananivuta kitenge. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akanipa karatasi, akasema mpelekeni akapigwe, asimame.

Chumba cha picha nilimkuta yule kijana. Nilimjua kwa masimulizi tu, lakini yeye alimjua Elia mara moja, maana Elia alikuwa ameshafika na chupa zake za maji. Akamwamkia kwa furaha. Ana pete kidoleni, Mama. Baraka yako ilishika. Akaichukua karatasi, akaisoma, akatabasamu.

"Bibi usihangaike kusimama," akasema. "Tangu kaka alivyonifunza siku ile, mimi wazee nawalaza."

Nisamehe, lakini ningekuwa na kitu mkononi ningekirusha. Wazee anawalaza. Kumbe hukuwa wewe peke yako. Kumbe kuna akina mama na akina baba kutoka huko kote, waliokodi bodaboda na kufunga biashara, wamerudi nyumbani wameambiwa magoti yao mazima, kwa sababu kaka yangu alikuwa na adabu siku moja.

"Mlaze, mdogo wangu, Mungu akubariki," Elia akasema.

"Atasimama," nikasema mimi.

Elia akageuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaniambia niache mdomo wangu huko Iguguno, yeye ndiye mkubwa. Bibi mmoja akasogeza mguu wake kwenye benchi ili mama mdogo apate kukaa. Mwanamume mwingine akaleta kiti kutoka mapokezi, akakiweka pale katikati, akasema mama wa watu akae kwanza, kisha tubishane. Wote walikuwa wananitazama mimi. Mama mdogo mwenyewe akaniomba, kwa ile sauti yenu ya kuomba, kwamba mguu unauma mwanangu, niache alale, kuna ubaya gani.

Nilikuona wewe, Mama. Sikuwahi kukukosea adabu mbele za watu maisha yangu yote, na pale nilikuwa nakukosea wewe na ukoo mzima. Nikamwambia, "Najua unauma. Simama nao hivyohivyo. Utakaa tukimaliza."

"Huna adabu," Elia akasema. "Mama angekuona leo."

"Mama alilala, kaka. Ndiyo maana hakuchaguliwa."

Nilikuwa nimepanga kumwambia nyumbani, kwa utaratibu, pengine mbele ya mchungaji. Nilimwambia pale pale, mbele ya benchi zima, mifupa inavyoachana na inavyokutana, na daktari alichosema, na vidonge, na tumbo lako. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilipomaliza hakuna aliyeguna. Kijana wa picha alikuwa anazungusha pete yake. Kile kiti kilicholetwa kwa ajili ya mama mdogo, Elia akakikalia.

Mama mdogo akaninyooshea fimbo yake niishike, akaingia mwenyewe, akapanda kwenye kibao, akashika chuma, akasimama juu ya ule mguu. Alitoa sauti moja tu. Niliisikia nikiwa nje ya mlango.

Picha iliporudi, hata mimi niliona. Upande wa nje kulikuwa na mwanga kati ya mifupa, nafasi safi kabisa. Upande wa ndani hakukuwa na kitu. Mfupa umekaa juu ya mfupa. Daktari akasema, "Huyu ndiye ninayemtafuta," na mama mdogo akasema alhamdulillahi, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji kwa hasira tu, Mama, si furaha, kwa sababu nilikuwa nimeliona goti lako.

Nilimweleza daktari alichosema yule kijana, na siku hiyo aliwarudisha chumba cha picha wote waliokuwa wamepigwa wakiwa wamelala. Mabinti na vijana wao walinung'unika mno. Si wote walifaa. Mzee mmoja ambaye vidole vyake vyote vilikuwa vimevimba na kupinda aliambiwa ugonjwa wake uko mwili mzima, nusu goti haitamsaidia. Mama mmoja goti lilikuwa limeisha pande zote, akaandikiwa operesheni ile nyingine. Walisikitika, lakini walikataliwa kwa ukweli wao. Wewe ulikataliwa kwa heshima yetu.

Kwenye gari tukirudi, Elia alikaa siti ya mbele. Tulipopita Mwankoko hakushuka. Aliniuliza bila kugeuka, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemzuia Mama?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia na daktari pia, na Mama mwenyewe pia, lakini ndiyo. Najua ungetaka nimwambie hapana. Ungenipiga kumbo ubavuni ungekuwa umekaa kati yetu. Sikuweza. Tangu hapo anakuja kwako kila Jumapili baada ya ibada, anang'oa nyasi kwenye kokoto ambako hakuna nyasi. Hasimulii tena ile hadithi. Juzi mgeni mmoja aliianzisha, na Elia akatoka nje. Nilimwona amekonda, na nilimwonea huruma, na hasira ikaila ile huruma kabla sijamaliza kuvaa viatu nimfuate.

Mama mdogo alipelekwa Dodoma. Wamemwachia mshono mdogo, ananionyesha kila mara hata kama sijauliza. Alitembea na magongo, akahamia fimbo, na sasa fimbo anaisahau nyumbani kwa watu. Mwezi uliopita alikuja kukuona. Tulitembea wote kutoka barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa nahema. Tulipofika, wajukuu wakakimbia kumletea kigoda, kama ulivyowafunza. Akakitazama, akakisukuma kando.

"Niacheni nisimame kidogo naye," akasema.

Akasimama pale muda mrefu, miguu yote miwili, upepo ukimpeperushia mtandio. Elia alikuwa upande wa pili wa kaburi na kopo lake la maji. Alimtazama mama mdogo miguuni, na sijawahi kuona mtu akitazama miguu ya mtu hivyo.

Basi, Mama. Nakuahidi haya. Kambi ikija tena nitafunga kibanda na kwenda na yeyote wa huku anayeumwa goti, na nitasema asimame hata wakiniita nini. Na Elia nitakwenda kukaa naye. Nitamwambia kwamba alikupenda, jambo ambalo ni kweli na ndilo linalonikasirisha. Si wiki hii. Nitakwenda nikiweza kulisema bila kumalizia na "lakini". Na goti langu mimi la kushoto limeanza kuniuma asubuhi, upande wa ndani. Nilimwambia mtu siku ileile, kwa sauti, nikamwonyesha kwa kidole.

Jirani anasubiri mafuta yake hapa na wateja wameanza kupiga honi, naishia hapa. Bado nina hasira na wewe, nitakaa nayo kwa muda, univumilie. Ni kwa sababu sijapata mtu mwingine wa kumwamkia asubuhi.

Shikamoo tena. Na huko uliko, mtu akikuuliza unaumwa wapi, mwambie.

Mwanao mwenye mdomo,
Rehema